Mnunuzi anataka kuigeuza "nyumba kati" ya bibi yetu, chumba cha ndani kabisa, iwe bafu. Urithi wa nyumba ya mawe Lamu uko wapi hasa?

#1 Mjukuu_wa_Mkomani (mleta uzi)

Assalaam alaikum wadau. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite kwa amani.

Nyumba iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ndani ya vichochoro, si ya ufukoni. Ya mawe na boriti, ina juu na chini. Ilikuwa ya bibi mzaa mama. Alipewa na babake alipoozwa, kwa desturi ya watu wa nyumba za mawe: binti haendi ukweni, mume ndiye anayemfuata. Babu aliingia pale na sanduku lake moja, na mpaka anakufa watu walikuwa wakisema "nyumba ya Bi Fulani", si ya Bwana Fulani.

Bibi ametangulia, mama naye akamfuata. Kwa hesabu ya mirathi mjomba ana nusu, mama mdogo robo, na robo iliyobaki ni yetu watoto wa marehemu. Mjomba amepata mnunuzi na anataka tuuze. Sina ugomvi naye. Ni yeye aliyekuwa akipanda darini kila masika kuziba nyufa huku sisi tuko Mombasa na Nairobi tukituma salamu.

Hoja yake ni hii: "Mji wote umeandikwa urithi wa dunia tangu 2001. Tukiuza, nyumba haiendi popote. Itabaki palepale, na itatengenezwa vizuri kuliko tulivyoweza sisi." Nilikosa la kujibu.

Kisha mnunuzi akatuma mchoro wa anavyotaka kuipanga. Nikautandaza mezani kwa mama mdogo. Akaufuata kwa kidole kuanzia mlangoni, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Alipofika nyuma kabisa, kwenye nyumba kati, kidole kikasimama. Palikuwa pameandikwa "Bafu 2". Mama yangu alizaliwa mle. Bibi alioshwa mle. Mama mdogo akaukunja mchoro mara nne, akauweka chini ya sahani ya tende, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nauliza wajuao. Mjomba amekosea wapi, kama amekosea? Kama kuta zinabaki na mlango wa nakshi unabaki, kinachopotea ni nini? Nataka maneno ya kumwambia, maana machozi ya mama mdogo hayahesabiki kwenye mirathi.

#2 HesabuKwanza

Mkuu, pole, lakini ngoja niwe mbaya wa uzi. Nyumba ya mawe ni kama ng'ombe asiyekamuliwa: anakula tu. Nimeona Lamu hiyohiyo nyumba ambazo warithi wamefika ishirini, kila mtu anakataa kuuza na hakuna anayetoa hata mfuko wa chokaa. Mwisho dari linaingia ndani, mti unaota sebuleni, na pale ndipo wote wanaposema "tuliipenda sana".

Mjomba ana nusu na ndiye anayepanda darini. Mnaotaka ibaki mna mpango gani wa kuitunza? Mapenzi hayazibi nyufa.

#3 FundiChokaa

Mimi ni mwashi, nimerithi kazi kwa baba. Mleta uzi umeuliza kinachopotea kuta zikibaki. Nikuulize kwanza, una uhakika gani kuta zitabaki?

Ukuta wa kwenu ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene karibu nusu mita. Ukuta ule unapumua. Unanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa. Akija fundi wa haraka akaupiga simiti ili ung'ae kwenye picha, maji yanakwama ndani. Chumvi inasukuma, plasta inavimba na kumeguka, na huku nyuma vichwa vya boriti vilivyolala ndani ya ukuta vinaoza bila mtu kuona. Nimewahi kutoa boriti iliyokuwa nzima katikati, ngumu kama chuma, lakini kichwa chake unakichota kwa kijiko. Miaka ile yote ilivumilia, simiti ya juzijuzi ndiyo iliyoiua.

Halafu kuna bafu zenyewe. Mabomba ndani ya ukuta wa matumbawe, tangi la maji juu ya sakafu isiyojengwa kubeba tangi. Ukiongeza na zege juu ya ukuta laini, utasikia mlio usiku.

Jambo lingine watu hawalijui. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na wageni hudhani ni uchaguzi wa urembo. Ni mkoko huo! Boriti haivuki upana wa mita tatu hivi, basi chumba kinafuata mti. Upana wa chumba cha bibi yako ulipimwa msituni kabla ya kupimwa mjini. Mnunuzi anayetaka "ukumbi mpana" lazima avunje ukuta na kuingiza chuma, na hapo nyumba ni nyingine, hata kama mlango ni uleule.

Chokaa yenyewe ni kazi ya subira. Matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, kisha yanaachwa yapoe na kuiva kwa miezi. Na sakafu ya juu zamani haikumwagwa tu, ilitwangwa kwa vigongo, watu wamejipanga wakiimba ili mapigo yaende sawa. Nani anasubiri siku hizi?

#4 Bi_Msana

Mwanangu Mjukuu, nimesoma ulipoandika kidole cha mama yako mdogo kikasimama, nikaweka simu chini kidogo.

Nitakujibu kwa njia ya kuingia nyumba, maana nyumba hizi hazielezeki kwa picha. Unatoka kichochoroni, unakuta daka, ukumbi wa mlangoni, lina mabaraza ya mawe huku na huku. Hapo mwanamume yeyote anakaa, hata mpita njia. Unaingia tekani, na njia inapinda ili aliye nje asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, mbingu iko wazi juu yako, na mwanga wote wa nyumba unatoka hapo kwa sababu ukuta wa nje hauna madirisha. Mgeni wa kiume anaelekezwa sabule, chumba cha wageni upande wake, hapiti zaidi. Kisha msana wa tini, ukumbi mrefu wa kwanza. Kisha msana wa yuu, wa pili. Kisha ndani, kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya plasta vya kuwekea vyombo. Nyuma ya zidaka, nyumba kati.

Sasa angalia miguu yako. Kila unapovuka, sakafu inapanda kidogo. Mtoto anayetambaa huijua nyumba ile kwa vidato kabla hajajua kusema. Na kila kidato kina swali: wewe ni nani kwa watu hawa? Muuza samaki anaishia hapa, mkwe anaishia pale, rafiki wa mama anafika msana, shoga wa utotoni anafika ndani. Nyumba kati huingii ila una jambo kubwa. Mzazi na mkunga wake. Maiti na waoshaji wake. Mtu anaingia duniani na kutoka kupitia chumba kimoja, kile cha ndani kabisa, mbali na mlango.

Nyumba iliyotulia katika mpango huu ndiyo urithi. Zidaka zile za plasta wanazozipiga picha zilikuwa uso wa nyumba kati. Sahani za Uchina, misahafu, vitabu, vyote viliwekwa pale, na wakongwe wetu walisema jicho la hasidi hutua kwenye vyombo lisipite nyuma. Ukifanya nyuma yake bafu, zidaka zinabaki zikilinda sinki.

Simwoni mjomba wako mtu mbaya. Lakini aliposema nyumba itabaki palepale, alikuwa anautazama ukuta wa nje. Serikali ilipoutangaza mji kuwa hifadhi 1986 na UNESCO walipouandika 2001, kilichoandikwa ni mji: vichochoro, kimo cha nyumba, mawe, milango. Hilo ni jema, bila hilo tungekuwa na maghorofa ya vioo. Ila hakuna afisa anayekuja kuuliza nani anafikia chumba gani. Hilo lilikuwa kazi ya wenye nyumba.

#5 Mtoto_wa_Langoni

Shikamoo Bi Msana. Umeeleza vizuri sana, lakini ruhusu niulize swali ambalo nyuzi za namna hii hulikwepa. Hiyo nyumba ina chini. Chini walikaa nani?

Nyumba nyingi za mawe zilizosimama leo ni za karne ya 18, wakati Lamu inatajirika kwa biashara na mashamba ya bara. Matumbawe hayakujitoa baharini yenyewe, na chokaa haikujitwanga. Waungwana walikuwa na watumwa, na mpango huo mzuri wa vidato ulikuwa na watu ambao kidato chao hakikupanda kamwe. Walifua, walipika, walibeba maji, wakalala chini. Bibi wa bibi yangu alitoka nyumba ya mtindo huohuo, na hakutoka kwa mlango wa nakshi akiwa bi harusi.

Kisha 1907 utumwa ukaondolewa kisheria huku pwani. Mashamba yakakosa wa kulima, waungwana wakakosa wa kukarabati, nyumba zikaanza kuanguka. Magofu ya Mkomani yana hadithi hiyo pia. Kwa hiyo mkisema "urithi wa ukoo", mwulizane ni wa ukoo gani. Mimi nina haki kwenye ukuta ule ingawa sina fungu kwenye mirathi.

Sisemi ivunjwe. Nasema ikiwekwa bango, liandikwe lote.

#6 HesabuKwanza

Langoni umegonga. Hapo sasa tunaongea.

#7 Mjukuu_wa_Mkomani

Ndugu yangu wa Langoni, nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Nitasema nilichonacho.

Kwetu chini kuna chumba kirefu chenye tundu moja la mwanga, dogo, mkono unapita lakini kichwa hakipiti. Tulikuwa tukiweka humo makaa, mkaango wa pilau za harusi na baiskeli ya mjomba. Nyumbani chumba kile kinaitwa "kwa watu". "Nenda kalete makaa kwa watu." Nimelitamka neno hilo utoto wangu mzima na sikuwahi kuuliza watu gani. Nimempigia mama mdogo usiku huohuo. Akanyamaza, kisha akasema, "Sisi tuliambiwa tusiulize." Halafu akanitajia majina mawili ya kike ambayo bibi alikuwa akiyasomea Yasini kila Alhamisi pamoja na wazee wetu. Nilidhani ni mashangazi.

Kwenye mchoro wa mnunuzi, chumba hicho ni "Stoo ya mvinyo". Sikuliandika mwanzo kwa sababu niliona aibu, lakini aibu yangu wakati ule ilikuwa juu ya mvinyo.

#8 Mtoto_wa_Langoni

Yaandike majina hayo. Usiyaweke humu, yaandike kwenu.

#9 Unguja_Shangani

Nawasabahi kutoka Unguja. Sisi Mji Mkongwe tuliandikwa urithi wa dunia 2000, mwaka mmoja kabla yenu, na mamlaka ya uhifadhi tulikuwa nayo tangu 1985. Kwa hiyo tumeshapita njia mnayopita, na tumejikwaa humo.

La kwanza, hati haishiki dari. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, jumba la Sultani, kila mtalii alikuwa na picha yake. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima wa mbele uliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Kama jengo maarufu kuliko yote mjini liliweza kuanguka, nyumba ya bibi kichochoroni isitegemee jina la UNESCO.

La pili, kuhusu mpango wa kuitunza aliouliza HesabuKwanza. Watu wataleta wakfu. Ni njia ya heri, nyumba haiuzwi wala haigawanywi, na ukoo mnaweza kuwekewa sharti la kukaa. Lakini msiingie mkiwa mmefumba macho. Kwetu nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ugonjwa wake unajulikana: kodi ndogo, wapangaji wengi, kila mmoja anamtazama mwenzake nani atengeneze paa. Wakfu bila kipato cha kutengeneza ni gofu linalosubiri. Mkiandika, andikeni na chanzo cha pesa. Chumba kimoja cha kukodisha, duka la chini, chochote. Na msimamizi awe na jina, asiwe "ukoo".

La tatu, milango. Mlango wa nakshi husafiri. Ukishang'olewa kwenye fremu yake unakuwa meza ya kioo kwenye hoteli. Upigeni picha leo: mfaa, kizingiti, miimo, kila nakshi, pamoja na mtu amesimama pembeni ili kimo kionekane.

#10 FundiChokaa

Naongeza kwa Unguja. Mkipiga picha msiishie mlangoni. Wote wanaanza na mlango na kumalizia na zidaka, kama nyumba ni uso tu. Pimeni. Kamba, futi, daftari, watoto wawili wa kushika ncha. Upana wa kila chumba, kimo cha kila kidato, boriti ngapi na zinalala upande gani. Jumba la makumbusho pale Lamu, lile la nyumba ya Kiswahili, liliweza kutengenezwa kwa sababu kuna watu waliokaa wakaelewa kila chumba kilikuwa cha nini. Bila hivyo fundi anakisia, na mimi fundi nawaambia, tunakisia vibaya.

Boriti mpya mtapata taabu kidogo. Tangu katazo la 2018 la kukata miti wakataji mikoko wa Lamu walijua maana ya kukaa bure, na hata baada ya kufunguliwa tena hukati tu unavyotaka. Ulizeni mapema, msingoje dari lishuke.

Halafu swali dogo, Mjukuu. Birika la maji la kwenu lina bakuli?

#11 Mjukuu_wa_Mkomani

Bakuli gani?

#12 FundiChokaa

Kwenye sakafu ya birika, pale chooni. Shuka ukaangalie mwenyewe, nisikuharibie.

#13 HesabuKwanza

Mimi bado niko na mjomba kwa nusu yake, lakini nimebadili kitu kimoja. Kuuza na kutouza si mambo mawili tu. Kaeni mumlipe mjomba kidogokidogo sehemu ya fungu lake, au mkodishe juu kwa masharti, mbaki na ndani. Mnunuzi akitaka sana, akodi miaka kumi badala ya kununua, na mchoro wake upite kwa ofisi ya makumbusho kama sheria ya 2006 inavyotaka kwa majengo yaliyohifadhiwa. Atakayekataa masharti hayo alikuwa anataka uwanja.

Na anayepanda darini alipwe. Asiwe mjomba wa bure.

#14 Bi_Msana

Huyu bwana wa hesabu nilimdhania vibaya.

#15 Mjukuu_wa_Mkomani

Nimerudi wadau, ni wiki ya tatu. Nilisafiri Lamu na dada yangu pamoja na wanawe wawili, ndio walioshika ncha za kamba.

Tumepima kila kitu. Msana wa tini hadi msana wa yuu kidato ni kimo cha kiganja changu kilicholala na vidole viwili juu. Ndani kunapanda tena, kidogo zaidi. Boriti za ndani zimechongwa pembe nne na bado zina rangi nyekundu mahali moshi haukufika. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya kiwanda akitutajia, na binti wa dada yangu akiandika: hapa alilala nani, hapa alitolewa nani, hapa hawapiti wanaume. Tulipofika "kwa watu" alinyanyuka mwenyewe bila kushikwa. Alitaja majina yale mawili, na la tatu ambalo hakuwa amenipa kwenye simu. Mtoto akauliza, "Hawa ni kina nani kwetu?" Mama mdogo akamjibu, "Andika kwanza."

Mjomba alikuja siku ya pili. Alisimama dakani muda mrefu akijifanya anaongea na simu. Nilimwonyesha daftari, akalifungua ukurasa wa nyumba kati na kusoma. Akasema vipimo vyetu vya dari vimekosea, akapanda juu na futi kutuonyesha. Kweli tulikosea.

Kuuza hakujaisha, nisiwadanganye. Mnunuzi ameambiwa habari ya kukodi na hajajibu. Kwa kadhi tumeomba tusubiri kugawa. Mama mdogo amesema robo yake hauzi akiwa hai, na dada na mimi tumeanza kuchangia ya paa kila mwezi, pesa inaingia kwa mjomba na risiti zinaingia kwenye kundi la ukoo.

Na FundiChokaa, bakuli lipo! Tulikausha birika siku ya mwisho. Chini kabisa, limejengewa ndani ya sakafu, bakuli la kaure ya Uchina, maua ya buluu, limemeguka mdomo upande mmoja. Mama mdogo akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema lilikuwa la samaki, wale wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ukitoa maji yote kuosha birika, yale ya bakulini yanabaki, samaki hawafi. Mjomba alikuwa amepewa kazi ya kuwahesabu akiwa na miaka sita, na siku moja aliwaua wote kwa kuwalisha halua.

Sasa birika limejaa tena na mjomba amenituma niulize humu, kwa maneno yake: samaki wale siku hizi wanapatikana kwa nani? Sokoni wanamcheka.